Gari Halifii Mlimani

Mvua za masika zinapokatika, gereji za Pasua, kusini mwa mji wa Moshi, hupokea wagonjwa wao. Huja Land Rover zilizopeleka wapagazi na mizigo kwenye malango ya Mlima Kilimanjaro; huja Toyota zilizobeba saruji, mbao na ndizi katika njia za Kibosho na Uru; huja pia magari ya watu wenye nafasi, ambao siku ya mapumziko hutafuta vijia vya tope kwa ajili ya kujifurahisha tu. Yote yamepakwa udongo hadi madirishani. Dereva hushuka, hulipiga gari bodi kwa kiganja, na kutoa hukumu ile ile ya kila mwaka: mlima umeliua.

Hukumu hiyo haifai kuachwa ipite bila kupingwa, kwa maana inamwondolea dereva wajibu na inamwondolea mwanafunzi udadisi. Mlima hauna nia wala kisasi. Unafuata kanuni zile zile zinazoandikwa ubaoni katika madarasa ya fizikia, nazo hazilegezwi kwa sababu ya ukubwa wa gari wala bei yake. Kwamba gari linalopita nje ya barabara huumia kuliko gari la lami, hilo halina ubishi. Jambo la kubishania ni lini linaumia, na kwa sababu gani. Aghalabu gari huumia wakati ule ambapo dereva anadhani taabu imekwisha: anaposhuka, anapovuka mto, anapofika lami, na usiku ule anapoliegesha nyumbani bila kuligusa.

Kushuka ndiko kwa kuanzia, maana ndiko kunakoua watu. Lango la Marangu liko juu kidogo ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko karibu mita 1,000 chini yake. Gari lenye kilo 2,500 pamoja na abiria na mizigo yao, likishuka mita 1,000, huachia nishati ya jouli 25,000,000. Hesabu yenyewe ni nyepesi, tungamo mara mvutano wa dunia mara kimo, na ikiachwa ubaoni ni sifuri nyingi tu. Ikipelekwa jikoni, ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji yaliyochotwa bombani, yaani masufuria makubwa ya shughuli ya harusi au ya msiba. Joto lote hilo, endapo dereva anategemea breki peke yake, linazaliwa katika vipande vichache vya chuma vilivyofichwa ndani ya magurudumu. Ikichukuliwa kwamba vipande hivyo vina kilo 40 kwa jumla, na kwamba hakuna joto lolote linalopotea, jotoridi lake lingepanda kwa zaidi ya nyuzi 1,300. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Bila shaka joto jingi huchukuliwa na upepo, na ndiyo sababu breki haziyeyuki. Lakini hesabu hiyo yaonyesha kwamba kinachowarudisha watu nyumbani ni upepo na muda wa kupoa, basi. Tope la njiani likiganda juu ya ngoma na disku, hata upepo huo hupata taabu kufika.

Hayo ni ya chuma. Mafuta ya breki yana kisa chao, nacho hakijulikani vya kutosha. Mafuta hayo huvuta unyevu kutoka hewani, kama chumvi inavyolowana kwenye kopo lililoachwa wazi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Yakisha kunywa maji kiasi kwa miaka michache, kiwango kinachokubaliwa hushuka hadi nyuzi 140. Dereva hakuona badiliko lolote. Rangi imekolea kidogo, kikombe kimejaa, gari linasimama vizuri sokoni. Siku anaposhuka kutoka mlimani na gari limejaa, mafuta yanachemka ndani ya mabomba. Kanuni ya Pascal, kwamba kimiminika hupeleka kanieneo sawasawa kila upande, inategemea kimiminika kiwe kimiminika. Mvuke hubanika, na mguu wa dereva unaubana mvuke badala ya kuzibana breki. Kanyagio linakwenda hadi sakafuni.

Linalofuata lina ukatili wake. Saa mbili baadaye kila kitu kimepoa, mvuke umerudi kuwa mafuta, kanyagio limekuwa gumu tena, na fundi anayeitwa kulikagua gari lililopinduka asipoangalia zaidi ya hapo haoni kosa. Hapo ndipo maneno “bahati mbaya” yanapozaliwa. Jamaa wanazika, watu wanasema siku ilikuwa imefika, na mafuta ya miaka mitano yanaendelea kukaa katika magari mengine ya jirani. Chupa ya mafuta mapya ni moja katika vitu vya bei ndogo kuliko vyote dukani kwa muuza spea.

Dawa ya kushuka inajulikana tangu zamani: dereva ashuke kwa gia ile ile ambayo angelazimika kuitumia kupanda. Injini hugeuka kuwa breki, na sehemu ya zile jouli milioni 25 hutokea katika rejeta na katika bomba la moshi badala ya magurudumuni. Hata hivyo wako madereva wengi, na miongoni mwao watu wenye shahada, wanaoliachia gari bila gia mteremkoni wakiamini kwamba wanaokoa mafuta. Imani hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli katika enzi ya kabureta. Katika gari la leo lenye kupuliziwa mafuta kwa mitambo ya umeme, mguu ukiondolewa kwenye mafuta huku gia imeshika, mtambo hukata mafuta kabisa, kwa kuwa magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha injini. Gia ikiondolewa, injini hulazimika kunywa mafuta ili isizimike. Mwenye kuachia gia, basi, anapoteza breki ya injini na mafuta pamoja. Yule anayezima injini kabisa ana hesabu mbaya zaidi, kwa kuwa msaada wa breki na wa usukani, katika magari mengi, hutoka kwenye injini hiyo hiyo.

Kupanda hakuna visa vingi. Katika nyanda za Shira, ambako njia ya magari kutoka upande wa Londorossi hupanda hadi kiasi cha mita 3,500, kanieneo ya hewa ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 88. Kifuniko cha rejeta kilicholegea, ambacho mjini hakikuleta neno, huko juu humtia dereva aibu. Aibu, lakini si mauti. Injini ikitokota hujitangaza kwa mvuke, gari husimama, watu husubiri.

Maji ya mtoni hayatangazi kitu. Gari limetoka safari ndefu. Difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, limepata moto hadi nyuzi 80. Dereva anaingia mtoni, au katika mfongo uliofurika na kuimeza njia, na maji baridi ya mlimani yanalizunguka difu lake hadi juu. Hewa iliyo ndani inapoa hadi nyuzi 25. Mwanafunzi aliyejifunza kanuni za gesi atagawa 298 kwa 353 na kukuta kwamba kanieneo ya hewa hiyo inashuka kwa karibu asilimia 16. Difu lina kitundu cha kupumulia kilichowekwa kwa ajili hiyo, lakini njia za tope hukiziba. Likikosa hewa difu huvuta maji, na huyavuta mahali palipo dhaifu, yaani kwenye sili kuukuu za ekseli. Gari linapanda ukingo wa pili kwa kishindo, abiria wanapiga makofi. Wiki tatu baadaye beringi zinaanza kulia, na kwa kuwa wakati huo gari liko katika lami, lawama inaangukia spea za siku hizi.

Ni vema kusema, ingawa si kiini cha habari hii, kwamba mfongo wenyewe nao ni chombo cha ufundi. Wachagga waliichimba mifongo yao wakiifuata miinuko kwa macho na kwa maji, wakawa na wazee wa kuisimamia na zamu za kuigawa. Tairi la gari la tani mbili na nusu linalopitishwa juu ya ukingo wake kwa ajili ya starehe ya nusu saa huharibu kazi ya watu waliokwisha kufa na kukausha migomba ya watu walio hai. Anayehesabu hasara za vijia vya tope ahesabu na hiyo.

Yako pia majeraha yanayokaa ndani ya chuma kwa miezi. Kila aliyesafiri katika barabara ya changarawe anayajua yale makunyanzi yanayokatiza njia na kulitetemesha gari hadi meno kugongana. Watu wengi hudhani kwamba yanaletwa na malori mazito, au na springi za magari. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa gurudumu dogo lililozungushwa juu ya mchanga. Makunyanzi yalijitokeza hata pale ambapo gurudumu halikuwa na springi yoyote. Kilichohitajika ni mwendo uzidi kiwango fulani, nacho ni kidogo mno kwa magari ya kawaida. Makunyanzi, basi, ni tabia ya udongo mkavu na gurudumu linalokimbia, na hayana mkosaji mmoja wa kushitakiwa.

Lakini madhara yake kwa gari yanahesabika. Makunyanzi yakiachana sentimita 75, na gari likienda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, kila gurudumu hupigwa mara 13 hivi katika sekunde moja. Idadi hiyo inaangukia katika kiwango ambacho gurudumu la gari, likiwa na tairi lake na ekseli yake, hupenda kutikisika lenyewe. Ni kama mtoto katika bembea anayesukumwa kila anaporudi: pigo ni dogo, mtikisiko unakua. Dereva mzoefu hupunguza mwendo au huongeza hadi mtetemo utulie. Anayeongeza hununua starehe ya mgongo wake kwa kulipa na usalama, kwa kuwa tairi linaloruka kutoka kilele hadi kilele haligusi ardhi vya kutosha kukata kona wala kusimama.

Mapigo 13 kwa sekunde ni mapigo zaidi ya 46,000 kwa saa. Mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, aliyefanya majaribio yake katika miaka ya 1850 na 1860 kwa sababu ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika bila sababu iliyoonekana, alithibitisha kwamba chuma huchoka: mzigo ambao hauwezi kukikata mara moja hukikata ukirudiwa mara nyingi. Ufa huzaliwa mahali penye kovu au kona kali, hukua kidogo kidogo, na siku moja kipande kilichobaki hakitoshi. Siku hiyo yaweza kuwa siku ya kawaida kabisa, gari likigeuka taratibu mbele ya stendi. Mwenye gari huapa kwamba springi imekatika yenyewe. Lakini jani la springi lililokatika husomeka kama barua. Mara nyingi sehemu moja ya mkato ni ya zamani, nyororo, imeingia kutu, na pengine ina mistari iliyopindana kama pete za mti. Sehemu ya pili ni mpya, ina chembechembe na inang'aa. Ya kwanza iliandikwa njiani, kilomita nyingi zilizopita; ya pili ndiyo iliyosikika mjini.

Fundi wa Pasua hulitazama jani hilo mara moja na kulitupa katika rundo la vyuma chakavu. Anajua. Hakuambiwa habari za Wöhler, wala hakuzihitaji. Hujua pia, kwa harufu, breki zilizopata moto kupita kiasi, na kwa kidole kimoja hupambanua oili iliyoingia maji. Anamfahamu na yule dereva aliyetoka katika tope, akafika lami ya Himo na kuendelea na mwendo huku magurudumu yote manne yamefungiwa pamoja, akishangaa kwa nini usukani umekuwa mzito kwenye kona. Katika kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo hutelezea mbali, kwenye lami haina pa kwenda ila ndani ya gia. Fundi hulieleza jambo hilo kwa kukunja kitambaa cha kufutia mikono mpaka kinajisokota. Wahadhiri wengi hawana mfano bora kuliko huo.

Watakuwapo watakaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, elimu ya darasani haina haja hapa, uzoefu watosha. Historia ya mashindano ya Safari yawajibu kwa sehemu. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika njia ambazo leo wengi wangeziita vijia tu, na mwaka 1963, kama ilivyokuwa tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na ushindi wake wa kwanza aliupata kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mtu wa namna hiyo haendeshi tu; anasikiliza gari linasema nini, na anajua sababu ya sauti aisikiayo. Maarifa ya mkono na maarifa ya sababu yalikutana katika kichwa kimoja.

Katika mji wa Moshi maarifa hayo yanaishi mitaa miwili mbalimbali. Mwanafunzi wa sekondari ana kanuni zote zilizotajwa hapa ndani ya daftari lake, lakini anazo kwa Kiingereza, na anazitunza kwa ajili ya mtihani. Fundi anayo matukio yote, naye anayo kwa Kiswahili. Kijana akipita Pasua jioni akitoka shule, haimpitikii kwamba yule mzee mwenye mikono ya oili anashughulika na sura ile ile aliyoikariri asubuhi; na mzee, akimwona kijana na daftari lake, hafikiri kwamba ndani yake mna jibu la swali linalomsumbua juu ya breki zinazokataa mlimani na kupona mjini. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mjadala wake una pande nyingi na hauwezi kumalizwa katika ukurasa huu, lakini moja ya gharama zake hulipwa kwenye miteremko, na haifai kuendelea kuachwa nje ya hesabu.

Mwalimu wa fizikia hahitaji kusubiri sera. Anahitaji ruhusa ya mkuu wa shule, alasiri moja, na adabu ya kwenda kwa fundi kama mtu anayekwenda kujifunza. Wanafunzi wabebe daftari na kipimajoto. Wamsalimu mzee ipasavyo, wakae pembeni, wasimharakishe. Waombe jani la springi katika rundo la chuma chakavu, walitazame mkato wake juani na kuchora wanachokiona. Waulize mafuta ya breki ya gari lililo mbele yao yalibadilishwa lini, na waandike jibu jinsi lilivyo, hata likiwa ni kicheko. Kisha wangoje hadi gari lililovuka mto liingizwe na kulala usiku mzima, na asubuhi, kabla halijawashwa, fundi alegeze polepole nati ya chini ya difu. Ikiwa maji yaliingia, yatatangulia kutoka yakiwa peke yake, meupe au yenye kutu, na oili itafuata nyuma. Mwanafunzi wa kwanza kuuliza kwa nini maji yatangulie ajibiwe na mwanafunzi mwingine, kwa Kiswahili, na fundi akiwa anasikia.